Kesi za kodi ya mapato India: hukumu huvunwa barazani

Mwezi Juni 2021, jopo la mjini Agra la Baraza la Rufani za Kodi ya Mapato la India lilitoa uamuzi juu ya rupia 211,500. Fedha hizo alizipeleka benki mama mmoja wa nyumbani, baada ya serikali kutangaza usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si fedha halali tena. Ritani yake, yaani taarifa ya mapato aliyoiwasilisha kwa idara ya kodi, ilionyesha mapato ya rupia 130,810 tu. Afisa wa kodi akauliza: hizi nyingine zimetoka wapi? Mama akajibu kuwa ni akiba aliyoiweka kidogo kidogo kutokana na fedha alizopewa na mumewe, mwanawe na jamaa zake, kwa ajili ya siku za mbele za familia. Afisa hakuridhika. Akazihesabu zote kuwa fedha zisizo na maelezo na kuziongeza kwenye mapato yake. Kamishna anayesikiliza rufani akamuunga mkono afisa. Baraza likalifuta ongezeko hilo lote.

Nimeanza na kesi hiyo, ndogo kwa thamani, kwa sababu inaonyesha mambo ambayo kesi za mabilioni huyaficha. Baraza halikusema kwamba akiba ya mama wa nyumbani haitozwi kodi kamwe. Lilisema hapakuwa na ushahidi kwamba mama huyu alikuwa na biashara au chanzo kingine cha kipato, kwamba maelezo yake yanaingia akilini, na kwamba serikali yenyewe ilikuwa imeutuliza umma kuwa akina mama wanaoweka hadi laki mbili na nusu hawatasumbuliwa. Kisha likasema wazi kwamba uamuzi huo uwe mfano kwa kesi za akina mama wa nyumbani walioweka fedha kipindi kile, zisizozidi laki mbili na nusu. Mpaka umewekwa na wenye kuamua wenyewe. Anayeweka laki kumi leo na kuitaja kesi hii hajaisoma.

Wapo Waswahili wengi wanaohitaji kuzielewa hukumu za namna hii: wafanyabiashara wenye ubia na kampuni za India, wanasheria wetu ambao tangu zamani huzitaja hukumu za India mbele ya mahakama za Afrika Mashariki, na wanafunzi wa uhasibu. Wengi huanzia juu, kwenye Mahakama ya Juu, kwa sababu ndiko kunakoandikwa na magazeti. Mimi nashauri kuanzia chini.

Mgogoro wa kodi ya mapato India huzaliwa kwenye makadirio ya afisa, yaani hesabu yake ya mapato na kodi ya mlipakodi. Asiyekubaliana nayo hukata rufani kwa kamishna wa rufani, ambaye naye ni mtumishi wa idara ileile ya kodi. Hatua inayofuata ni Baraza, na hapo hali hubadilika. Baraza lilianzishwa tarehe 25 Januari 1941, likiwa na wajumbe sita katika majopo matatu ya Delhi, Bombay na Calcutta. Haliko chini ya Wizara ya Fedha, bali Wizara ya Sheria. Kwa kawaida jopo huwa na wajumbe wawili: mmoja mwanasheria, mwingine mhasibu. Wakitofautiana, suala hupelekwa kwa mjumbe wa tatu. Mpangilio huo una faida kubwa, kwani mhasibu huiona daftari ilipopindishwa, na mwanasheria huiona sheria ilipokiukwa.

Baraza ndilo chombo cha mwisho kuamua ukweli wa mambo. Ukitoka hapo kwenda Mahakama Kuu ya jimbo, sheria inakutaka uoneshe kwamba kuna hoja nzito ya kisheria. Majaji hawatakaa kuhesabu upya magunia yaliyokuwa ghalani wala kuuliza kama shahidi alisema kweli. Wataingilia tu pale uamuzi wa Baraza usipoegemea ushahidi wowote, au unapokuwa wa namna ambayo mtu mwenye akili timamu asingeufikia. Ndiyo maana nasikitika kila ninapomwona mlipakodi akitunza stakabadhi zake "kwa ajili ya mahakama kubwa". Stakabadhi ambayo haikufika barazani kwa kawaida haitasomwa tena na mtu.

Je, afisa anaweza kukadiria tu kwa kuhisi? Jibu la India ni la zamani. Mwaka 1954, katika shauri la kiwanda cha nguo cha Dhakeswari Cotton Mills, afisa alikataa faida iliyoonyeshwa kwenye vitabu na kuweka kiwango chake. Baraza nalo likategemea taarifa za viwanda vingine zilizoletwa na mwakilishi wa idara, bila kampuni kuonyeshwa taarifa hizo ili izijibu. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba afisa wa kodi hafungwi na kanuni zote za ushahidi zinazofuatwa mahakamani. Lakini ikasema kwamba makadirio hayawezi kusimama juu ya kubahatisha. Lazima kuwe na kitu zaidi ya shaka tupu. Na taarifa inayomwumiza mlipakodi lazima aione.

Miaka 26 baadaye kanuni hiyo ilipimwa tena katika shauri la Kishinchand Chellaram, lililoamuliwa mwaka 1980. Idara ilikuwa na barua za meneja wa benki kuhusu rupia 107,350 zilizotumwa kwa telegramu kutoka Madras kwenda Bombay. Kwa barua hizo ikasema fedha ni za kampuni hiyo, hivyo ni mapato yake yaliyofichwa. Kampuni haikuonyeshwa barua hizo kwa wakati, wala haikupewa nafasi ya kumhoji meneja. Mahakama ya Juu ilisema barua za namna hiyo haziwezi kutumika kama ushahidi dhidi yake. Hadi leo, mlipakodi anapoongezewa mapato kwa maelezo ya mtu ambaye hakuruhusiwa kumhoji, wakili wake hurejea kwenye kesi hizi mbili.

Eneo jingine lenye kesi nyingi mno ni kufungua upya makadirio yaliyokwisha kufungwa. Hapa ndipo mlipakodi huumia zaidi: amelipa, amesahau, kisha miaka kadhaa baadaye barua inabisha hodi. Mwaka 2002, katika shauri la GKN Driveshafts, Mahakama ya Juu iliweka utaratibu. Mlipakodi akishajaza ritani anayotakiwa, anaweza kuomba sababu za kufunguliwa upya. Afisa lazima ampe. Mlipakodi ana haki ya kuweka pingamizi. Na afisa lazima alijibu pingamizi hilo kwa uamuzi wenye sababu kabla hajaendelea. Mwaka 2010, katika shauri la Kelvinator, mahakama ileile ikaongeza kwamba afisa kubadili mawazo yake si sababu. Mamlaka ya kufungua upya si mamlaka ya kujisahihisha; lazima kuwe na jambo la kushikika linaloonyesha kuwa mapato yalikwepa kodi.

Bunge liliuandika upya mfumo huo kuanzia tarehe 1 Aprili 2021, likamtaka afisa ampe mlipakodi taarifa aliyo nayo na kumsikiliza kabla ya kutoa notisi. Hata hivyo idara iliendelea kutoa notisi kwa utaratibu wa zamani, ikitegemea muda ulioongezwa wakati wa korona. Notisi kama 90,000 hivi zilitoka kwa njia hiyo, na Mahakama Kuu kadhaa zikazifuta. Shauri la Ashish Agarwal lilipofika Mahakama ya Juu, uamuzi wa tarehe 4 Mei 2022 haukuzifuta zote wala kuziacha kama zilivyo. Kwa kutumia mamlaka yake maalumu chini ya ibara ya 142 ya Katiba, mahakama iliagiza zihesabiwe kuwa barua za kumtaka mlipakodi ajieleze, na idara impe kila mmoja taarifa inayoitegemea ndani ya siku 30. Naielewa hofu ya mahakama kwamba hazina ingepoteza fedha nyingi kwa kosa la maafisa. Bado nasema mzigo wa kosa hilo uliangukia mabega yasiyostahili, kwa kuwa mlipakodi aliyekwisha kushinda Mahakama Kuu alirudishwa mwanzo.

Sasa soma kesi mbili kwa pamoja. Kampuni ya Suzuki Powertrain ilikuwa imeunganishwa na Maruti Suzuki, na afisa alikwisha kuarifiwa. Bado akatoa notisi kwa jina la kampuni ambayo haipo tena. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema hilo si kosa la uandishi la kurekebishwa. Makadirio yote ni batili. Walipakodi wengi wakaamini kuwa jina la kampuni iliyounganishwa likionekana tu kwenye makadirio, wameshinda. Mwaka 2022 likaja shauri la Mahagun Realtors. Humo kampuni iliyounganishwa ilikuwa imejaza ritani kwa jina lake la zamani, bila kumweka wazi afisa juu ya muungano, na kuendesha mambo kana kwamba bado ipo. Mahakama ileile ikaikatalia kinga hiyo. Kanuni haikugeuka. Mwenendo wa mlipakodi ndio uliokuwa tofauti.

Kuna habari moja ya magazetini inayowapotosha hata wahasibu: "Mahakama ya Juu yatupa rufani ya idara ya kodi". Wasomaji huchukulia kwamba sheria imeshatamkwa. India, mtu huomba kwanza ruhusa maalumu ya kukata rufani. Mahakama ikikataa ombi hilo kwa mstari mmoja bila sababu, haijatamka sheria yoyote. Imekataa tu kuingia kwenye shauri. Hilo lilifafanuliwa mwaka 2000 katika shauri la Kunhayammed. Chini ya ibara ya 141, kinachozifunga mahakama zote za nchi ni sheria iliyotamkwa na Mahakama ya Juu. Uamuzi wa Mahakama Kuu huyafunga majopo ya Baraza yaliyo katika eneo lake. Kwingine ni hoja ya kushawishi tu. Kwa hiyo kabla ya kuitegemea hukumu, uliza imetoka wapi na imeeleza sababu gani.

Vilevile idara kutokata rufani si kukubali. Kwa waraka wa Septemba 2024, kwa kawaida idara haiendi barazani kama kodi inayobishaniwa haizidi rupia laki 60, haiendi Mahakama Kuu chini ya milioni 20, wala Mahakama ya Juu chini ya milioni 50. Kanuni hiyo inaibana idara, haimbani mlipakodi. Kesi nyingi ndogo huishia hapo bila kanuni iliyomo kukubaliwa na mtu yeyote.

Vodafone ndiyo kesi iliyoitangaza India duniani. Mwaka 2007 kampuni hiyo ya simu ya Uingereza ilinunua hisa moja tu ya kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman, na kupitia hisa hiyo ikapata usukani wa biashara ya simu ya Hutchison nchini India. Bei ilikuwa takriban dola bilioni 11. Idara ilisema mnunuzi alipaswa kuzuia kodi kabla ya kumlipa muuzaji. Mahakama Kuu ya Bombay ilikubaliana na idara mwaka 2010. Tarehe 20 Januari 2012 Mahakama ya Juu ikasema sheria ilivyoandikwa haimfikii muuzaji wa hisa za kampuni ya nje kwa njia ile. Miezi michache baadaye Bunge likabadili sheria, na mabadiliko hayo yakarudishwa nyuma hadi mwaka 1962. Serikali ina haki ya kuziba mwanya wa kesho. Kuuziba mwanya wa jana kwa mtu aliyeshinda mahakamani ni kumnyang'anya ushindi wake, na naliona jambo hilo kuwa baya hata kama kodi yenyewe ilikuwa na haki. Septemba 2020 jopo la usuluhishi lililosimamiwa na mahakama ya usuluhishi ya The Hague liliamua dhidi ya India. Desemba ya mwaka huo India ikashindwa tena na kampuni ya mafuta ya Cairn, iliyopinga madai ya namna hiyohiyo. Agosti 2021 Bunge likayaondoa madai hayo ya kurudi nyuma.

Mawimbi yake yalifika kwetu. Mwaka 2010 kampuni ya simu ya Zain iliiuzia Bharti Airtel ya India biashara zake za simu barani Afrika kwa kuuza kampuni iliyosajiliwa Uholanzi. Mamlaka ya mapato ya Uganda ikadai kodi ya dola milioni 85, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uganda ikasema mamlaka hiyo ina uwezo wa kufanya makadirio hayo. Ramani ya biashara ilifanana na ya Vodafone, lakini sheria iliyokuwa mezani ilikuwa ya Uganda. Anayetaka kuibeba hukumu ya India hadi Kampala, Nairobi au Dar es Salaam aanze kwa kuvilinganisha vifungu, neno kwa neno.

Kwa aliye na mgogoro sasa, tarehe ni muhimu kuliko hoja. Rufani ya kwanza kwa kamishna ina siku 30. Kwenda barazani, tangu Oktoba 2024 muda ni miezi miwili kuanzia mwisho wa mwezi ambao uamuzi ulimfikia mlipakodi. Kwenda Mahakama Kuu ni siku 120. Ukichelewa unaweza kuomba kusamehewa ukieleza sababu ya kutosha, lakini usiutegemee msamaha huo. Idara huwa inataka asilimia 20 ya kodi inayobishaniwa ilipwe ndipo isimamishe kudai iliyobaki wakati rufani ya kwanza ikisubiri. Na ingawa sheria mpya ya mwaka 2025 inatumika kuanzia tarehe 1 Aprili 2026, migogoro ya miaka ya nyuma inaendelea kuamuliwa kwa sheria ya mwaka 1961, pamoja na hukumu zake zote.