Utamaduni wa taifa: alichokusudia Nyerere

Kwa Julius Nyerere, utamaduni wa taifa haukuwa jumla ya ngoma na mila zote za nchi. Ulikuwa mila na sanaa bora zilizochaguliwa kutoka kila kabila na kufanywa mali ya wananchi wote. Nguvu ya dhana hii imo katika kuchagua, na hatari yake imo humo humo.

Aliieleza bungeni tarehe 10 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa ndiyo kwanza imekuwa jamhuri. Alisema hakuna uovu wa ukoloni uliozidi ule wa kumfanya Mwafrika aamini kwamba hana utamaduni. Akauliza: waliojifunza densi za kigeni kama rumba na twist, wangapi wanazijua ngoma za nchini kama gombe sugu, kiduo au lelemama? Hapo akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Wanaoinukuu hotuba ile mara nyingi huishia hapo, na huo ni upungufu mkubwa, kwa maana alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni la wajinga na wendawazimu. Mwenyewe alijifunza kwa wengine: mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ya mtawala anayeuawa na wenzake wakihofia atajifanya mfalme.

Utekelezaji ulikuwa mgumu kuliko hotuba. Ngoma ya jando ina msimu wake, ina watu wenye haki ya kuicheza, na ina nyimbo zisizoimbwa mbele ya kila mtu. Ikipelekwa jukwaani hufupishwa iwe ya dakika chache, maneno hubadilishwa yamsifu mgeni rasmi, na mafunzo yaliyokuwa ndani yake huachwa kijijini. Mtazamaji anapata mapigo na mavazi tu.

Kwenye ushairi mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1968 Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio la Arusha, yaani tamko la siasa ya ujamaa, na mshairi Mathias Mnyampala akaikuza ngonjera: mashairi ya majibizano ambamo asiyeelewa anauliza, anayeelewa anajibu, hadi wa kwanza akubali. Ilifaa sana shuleni, kwani haihitaji vifaa, na beti zenye vina hukaririka upesi. Lakini jibu limeamuliwa kabla ya swali, kwa hiyo ngonjera ya aina hiyo hufundisha siasa vizuri na huihoji vibaya.

Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Suti za Kizungu hazikuwemo kwenye orodha. Hotuba ya 1962 iliipa wizara kazi ya kutafuta mila bora, bila kueleza ubora ungepimwaje wala mwananchi asiyekubali angesikilizwa wapi. Katika mitaa ya Dar es Salaam, waliojipa kazi ya kupima walikuwa vijana wa chama, na waliopimwa zaidi walikuwa wanawake.