Dirisha la Gari la Farasi: Kazi Yote Imo Mlangoni

Mtu akiingia kwenye gari la farasi la Uingereza la karne ya 19, lile la kufunikwa kama brougham, jicho hutafuta mkono wa kuzungushia kioo. Haupo. Kuna mkanda mpana wa kusukwa unaoning'inia upande wa ndani wa mlango, na wageni wengi hudhani ni pambo.

Mkanda huo ndio mtambo wenyewe. Mlango una kuta mbili, na katikati pana uwazi. Kioo kimetiwa kwenye fremu nyembamba ya mbao inayozama humo kwa uzito wake, na mkanda umefungwa chini ya fremu. Ukitaka kufunga dirisha, unauvuta mkanda mpaka fremu ipande yote, kisha unaisukuma kidogo nje ikae juu ya ukingo wa mbao. Hapo haishuki tena. Ukitaka kufungua, unainyanyua kidogo, unaivuta ndani ipite ule ukingo, halafu unaiteremsha. Polepole lakini! Kioo cha enzi hizo kikivunjika kilitoa vipande vikali kama visu.

Fremu yenyewe mara nyingi ilivikwa kitambaa au mahameli. Watu huona anasa. Mimi naona dawa ya kelele, maana magurudumu yenye pete za chuma yalipopita kwenye barabara za mawe, mbao tupu zingegongana safari nzima.

Kabla ya vioo, abiria walijikinga kwa mapazia ya ngozi: mvua ikinyesha, unachagua kulowa au kukaa gizani. Vioo vilipoingia katika karne ya 17 vilihitaji mazoea. Samuel Pepys, mkazi wa London, aliandika mwaka 1667 kuhusu bibi mmoja wa tabaka la juu aliyetaka kumsalimia mwenzake barabarani. Kioo kilikuwa safi mno hata akadhani dirisha liko wazi, akapitisha kichwa. Akajikata paji la uso.

Kuhusu kujificha, magari mengi yalikuwa na mfuo wa pili mlangoni, sambamba na ule wa kioo. Humo ilikaa fremu ya vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, nayo ilipandishwa na kushushwa vilevile. Abiria aliweza kuteremsha kioo na kupandisha vibao: hewa inapita, macho ya watu hayapiti. Mengine yalikuwa na pazia la hariri lililoviringwa juu ya dirisha kwenye mti wenye springi ndani. Unalivuta chini kwa kishada, na ukiliachia springi inaliviringa tena.

Reli zilipoanza, mafundi wa mabehewa walitoka katika karakana hizohizo za magari ya farasi, wakaja na dirisha lao. Walibadili mkanda tu: ukawa wa ngozi, wenye matundu ya kupachika kwenye kifungo cha shaba, hivyo abiria akaweza kuacha dirisha nusu wazi.