Koni ya kimbunga si mpaka wa hatari

Kimbunga kikikaribia pwani ya Marekani, televisheni huonyesha ramani yenye umbo jeupe la koni, jembamba kilipo kimbunga, likipanuka kadiri siku zinavyosonga mbele. Wengi huisoma hivi: aliye ndani yumo hatarini, aliye nje amesalimika. Sivyo.

Koni hiyo, inayochorwa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami, huonyesha jambo moja tu: mahali ambapo kitovu cha kimbunga huenda kikapita. Upana wake hutokana na makosa ya utabiri wa miaka 5 iliyotangulia, na kwa muda mrefu umepimwa ili kitovu kibaki ndani takriban mara 2 katika kila 3. Yaani mara 1 hutoka nje! Tena koni haisemi lolote kuhusu upepo, mvua wala bahari kufurika, mambo yanayofika mbali sana na kitovu.

Mwaka 2022, kimbunga Ian kilipoelekea Florida, siku chache kabla macho yalielekezwa mji wa Tampa. Fort Myers, mji ulio kusini zaidi, ilikuwa ukingoni mwa koni. Tarehe 28 Septemba bahari ilipanda zaidi ya mita 3 huko Fort Myers Beach, ikang'oa nyumba kwenye misingi yake. Kimbunga kikikaribia nawe una ndugu kwenye pwani hiyo, muulize kwanza kama eneo lake limeagizwa kuhama.