Msikodolee macho ua wa bandari huru, someni kumbukumbu za bodi

Nimetumiwa tena ile ramani. Ni ramani ya Uingereza yenye maduara makubwa mekundu, na chini yake maneno kwamba kila aliye ndani ya duara amekwishauzwa: polisi hawana mamlaka huko, sheria za kazi zimekoma, kampuni ndiyo serikali. Nimeshawajibu watu hili mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo safari hii naandika mara moja kwa wote.

Maduara hayo ni mipaka ya nje ya bandari huru, yaani maeneo yanayotengwa ili biashara zilizomo zipate nafuu ya kodi na ushuru. Mwongozo wa zabuni uliotolewa England uliruhusu mpaka wa nje wenye kipenyo cha hadi kilomita 45. Kazi ya mpaka huo ni kuzuia mtu asiunganishe viwanja vilivyotawanyika mkoa mzima na kuviita mradi mmoja. Kuishi ndani yake hakukupi msamaha wowote wa kodi wala hakukuondolei haki yoyote. Misamaha iko kwenye viwanja maalumu vya kodi, ambavyo kwa kila bandari jumla yake haizidi hekta 600. Piga hesabu: duara la kipenyo cha kilomita 45 lina hekta kama 159,000. Eneo lenye msamaha ni chini ya nusu ya asilimia moja ya hilo duara linalowatisha watu.

Na hata ndani ya hivyo viwanja, sheria za nchi zinaendelea. Mkataba wa Kyoto wa taratibu za forodha, uliorekebishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika 2006, unasema bidhaa zilizo katika eneo huru, mfano bandari huru, kwa ujumla huhesabiwa kuwa nje ya eneo la forodha kwa upande wa ushuru na kodi za uingizaji. Hapo kwenye "kwa upande wa" ndipo wasambazaji wa ramani wanapokata sentensi, wakabaki na "nje". Mkataba huohuo unawapa maofisa wa forodha haki ya kukagua bidhaa zilizomo wakati wowote. Mshahara wa kima cha chini unalipwa, mwizi anakamatwa, kiwanda kinachochafua mto kinashtakiwa. Kontena likiingia linaandikishwa bila kulipiwa ushuru. Mzigo ukitoka kwenda soko la ndani unalipiwa, ukisafirishwa nje haulipiwi. Upande wa forodha hauna zaidi ya hapo, na sina hamu ya kuurefusha.

Kinachoniuma ni kwamba hofu hii inawaelekeza watu wema, wenye uchungu wa kweli na mali ya umma, mahali pasipo na tatizo. Wanalinda geti. Uamuzi unaogharimu fedha umeshafanyika miaka miwili au mitatu kabla ya geti kujengwa, katika chumba chenye meza ndefu, na umeandikwa kwa lugha ya kuchosha ambayo hakuna anayeisoma.

Fikirieni jinsi bandari huru inavyozaliwa. Serikali kuu inatangaza shindano. Halmashauri, mwendesha bandari, wenye viwanja na pengine chuo kikuu wanaungana, wanaandika ombi, wanashinda. Kisha walewale wanakuwa bodi. Bodi ndiyo inayopendekeza mstari wa kiwanja cha kodi upite wapi, na mstari huo ukipita upande huu wa barabara badala ya ule, thamani ya shamba la mtu inapanda kabla hajapanga tofali moja. Nimewahi kushika kumbukumbu za kikao, mahali ambapo sitapataja, ambamo ukurasa wa kwanza uliandika kuwa hakuna mjumbe aliyetangaza maslahi, na kiambatisho cha pili kilikuwa ramani ya viwanja yenye jina la kampuni ya mjumbe aliyekuwapo. Hakuna aliyeficha kitu, kwa sababu kila mtu mezani alijua. Kosa ni kwamba nje ya chumba kile hakuna aliyejua, na aliyeandika kumbukumbu hakuona sababu ya kuandika.

England ilitangaza bandari huru nane katika bajeti ya Machi 2021. Mwaka 2023 zikateuliwa mbili za Scotland na mbili za Wales. Ya Teesside, kaskazini-mashariki mwa England, ilitangulia kuanza kazi, Novemba 2021, na sehemu kubwa ya kiwanja chake ni ardhi ya kiwanda cha chuma cha Redcar kilichofungwa mwaka 2015. Ardhi ile ilikuwa imejaa sumu za viwandani na kuisafisha ni kazi ya fedha nyingi sana, za umma. Shirika la umma la uendelezaji liliingia ubia na waendelezaji binafsi, nusu kwa nusu. Mwaka 2021 hisa za upande binafsi zikafika asilimia 90.

Malalamiko yalipozidi, wabunge waliomba Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iingie. Waziri akakataa, akaunda jopo lake la watu watatu. Ripoti yao ilitoka Januari 2024, na nawasihi muisome kwa makini kwa sababu kila upande unanukuu nusu yake. Jopo halikupata ushahidi wa rushwa wala uvunjaji wa sheria. Liliona pia kwamba maamuzi kadhaa hayakufikia viwango vinavyotarajiwa katika kusimamia fedha za umma, na kwamba uwazi haukutosha kuthibitisha kuwa umma ulipata thamani ya fedha yake. Likatoa mapendekezo 28.

Upande mmoja ukasema: tumesafishwa. Mwingine ukasema: tuliwaambia ni wezi. Ripoti haisemi lolote kati ya hayo. Inasema kwamba mtu anaweza kuhamisha sehemu kubwa ya faida ya ardhi ya umma bila kuvunja sheria hata moja. Kwangu hiyo ni habari nzito kuliko wizi. Mwizi unamshtaki. Hapa utamshtaki nani, kama taratibu zenyewe zilimruhusu?

Na kwa nini ilibidi waziri aunde jopo? Kwa sababu England ilivunja Tume ya Ukaguzi iliyokuwa ikisimamia ukaguzi wa tawala za mitaa, ikafungwa rasmi mwaka 2015, na hadi jopo linaundwa hapakuwa na chombo kamili cha kuziba nafasi hiyo. Kazi ilibaki kwa kampuni binafsi za ukaguzi, na ikalemaa: kati ya hesabu za tawala za mitaa za mwaka wa fedha 2022/23, zilizokaguliwa kwa wakati zilikuwa takriban asilimia 1 tu. Kwa hiyo bandari huru zilianzishwa wakati ule ambao macho ya kuziangalia yalikuwa yamefumba. Sidai kuna aliyepanga iwe hivyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Msidhani ni ugonjwa wa Uingereza peke yake. Bandari huru ya Geneva, maarufu kwa kuhifadhi kazi za sanaa, mwenye hisa nyingi ni serikali ya jimbo, yaani serikali inakusanya faida ya ghala ambalo inapaswa kulitilia shaka. Ofisi ya ukaguzi ya shirikisho la Uswisi ilikosoa usimamizi wa maghala ya aina hiyo mwaka 2014. Miaka miwili baadaye Italia ilirudishiwa makasha 45 ya mambo ya kale yaliyoporwa, yaliyokuwa yamekaa ndani ya ghala hilo kwa miaka mingi. Maofisa walikuwapo muda wote huo na sheria ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu asiye na maslahi, mwenye amri ya kuuliza mzigo huu ni wa nani hasa.

Sasa niseme yanayonisumbua mimi mwenyewe. Kuna takwimu ya mwaka 2018 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, inayopendwa sana: kila eneo huru linaloongezeka nchini linaambatana na ongezeko la asilimia 5.9 la thamani ya bidhaa bandia zinazouzwa nje. Naiheshimu, lakini siitumii kama nyundo. Nchi yenye biashara kubwa huwa na maeneo huru mengi na bidhaa bandia nyingi pia, na kutenganisha sababu na matokeo hapo ni kazi ngumu.

Hesabu za ajira zinaniudhi zaidi. Ofisi huru ya bajeti ya Uingereza ilichukulia kwamba athari kuu ya bandari huru itakuwa kuhamisha shughuli kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na wala si kuziongeza. Nadhani iko sahihi, ila kuthibitisha kwa kiwanda kimoja mahususi karibu haiwezekani. Mwenye kiwanda ataapa asingejenga bila msamaha, na ndiye pekee anayejua. Sisi wakaguzi tunaandika idadi ya ajira aliyotupa na kuiita matokeo.

Na usiri wa kibiashara? Hapa sina msimamo mkali kama wenzangu wengi. Bei ya kiwanja ikitangazwa katikati ya mazungumzo, umma ndio unaoumia. Lakini siku mkataba unapotiwa saini sababu hiyo inakufa, na bado nakutana na kurasa zilizofutwa kwa wino mweusi miaka mingi baada ya saini kukauka.

Kwa hiyo atakayenitumia ramani tena, naomba badala yake aandikie bodi ya bandari huru iliyo karibu naye na kudai vitu hivi: rejista ya maslahi ya wajumbe pamoja na tarehe iliyosasishwa mara ya mwisho, ramani ya kiwanja cha kodi ikiwa na majina ya wamiliki halisi siku ile mstari ulipochorwa, mkataba wa ubia na mabadiliko yake yote ya hisa, na hati ya makubaliano na serikali kuu. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayomweleza ongezeko la kodi ya majengo ya biashara litatumiwa na nani. England halmashauri zimeruhusiwa kubaki nalo kwa miaka 25. Wengi wa wajumbe waliopitisha matumizi yake watakuwa wameshaondoka kwenye bodi kabla hata nusu ya muda huo haijafika.