"Phrasal verb" ni nini, na kwa nini inasumbua kazini

Ujumbe umeingia kwenye kundi la ofisi: "Friday's meeting has been called off." Anayejua kwamba "call" ni kuita anadhani ameitwa kikaoni. Kumbe kikao kimefutwa.

Hiyo ndiyo "phrasal verb": kitenzi kilichoshikana na neno dogo kama "up", "off", "out" au "over", na kwa pamoja vikatoa maana moja ambayo mara nyingi huipati kwa kutafsiri neno mojamoja. Nasi tunayo mambo ya aina hii kwenye "piga": piga simu, piga pasi, piga kura, wala hakuna anayechapwa. Ila kwa Kiingereza, kinachogeuza maana ni kijineno ambacho sikio hukiruka kirahisi.

Tazama ratiba tu. "Put off" ni kuahirisha, "call off" ni kufuta kabisa. "Push back" ni kusogeza hadi siku ya baadaye, na "bring forward" ni kuwahisha: kikao cha Alhamisi sasa kinafanyika Jumanne. Hapa wahasibu wawe macho zaidi, maana wamezoea "balance b/f", salio lililoletwa kutoka ukurasa au kipindi kilichotangulia. Maneno ni yaleyale, "brought forward", lakini kwenye daftari la hesabu hakuna kinachowahishwa.

Kuna na suala la mpangilio, nalo ndilo linalowakwaza hata wanaojua maana. Unaweza kusema "fill in the form" (jaza fomu) au "fill the form in", zote sahihi. Ukitumia "it", lazima ikae katikati: "fill it in". Lakini "look into", yaani kuchunguza jambo, haitenganishwi: "look into it" basi. Kwa hiyo unapojifunza, andika kila moja ikiwa na "it" yake ndani ya sentensi nzima.

Sishauri kukariri orodha ndefu ya "get" na "put" zote. Anza na kazi yako. Nesi wa zamu anahitaji "hand over" (kukabidhi) na "take over" (kupokea zamu), wa mapokezi hotelini "check in" (mgeni kuingia) na "check out" (mgeni kuondoka), fundi wa kompyuta "set up" (kuandaa mashine au mfumo) na "back up" (kuhifadhi nakala). Angalia pia kwamba "hand over" kwa maneno mawili ni kitenzi, mkazo uko kwenye "over". "Handover" kwa neno moja ni makabidhiano yenyewe, mkazo unahamia mwanzoni.

Wengi wamefundishwa kwamba misemo hii haifai kwenye maandishi rasmi. Si yote. Kwenye barua kwa mkurugenzi, "postpone" inakaa vizuri kuliko "put off", na "investigate" kuliko "look into". Lakini "carry out an audit", yaani kufanya ukaguzi, utaikuta hata kwenye ripoti rasmi za ukaguzi.