Makaa ya mifupa si makaa ya jikoni: dhana potofu kuhusu maji ya Nakuru

Msichana mmoja wa kidato cha pili katika darasa langu, hapa Njoro, akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yana mabaka ya kahawia. Tangu shule ya msingi ameambiwa hajui kupiga mswaki, ilhali anapiga asubuhi na jioni. Mabaka yale hayakuletwa na uchafu. Yaliingia wakati meno yake ya ukubwani yalipokuwa yakijengeka ndani ya ufizi, kabla hajafikisha miaka minane hivi, kwa sababu maji ya kisima cha kwao yana floraidi nyingi. Hakuna mswaki unaofika huko.

Nafundisha kemia. Nimesikia mengi yakisemwa kuhusu maji yetu na vitu vinavyouzwa ili kuyasafisha, na naona makosa mengi yana chanzo kimoja: watu huangalia jina la kitu au kilikotoka, hawaulizi atomu zake zimepangwaje na zina uwezo wa kushika nini. Kwa msichana yule swali hilo si la mtihani.

“Yakichemka yamekuwa safi”

Kuchemsha huua viini vya magonjwa, na kwa ajili hiyo endelea kuchemsha. Lakini floraidi si kiumbe hai. Ni ayoni, atomu yenye chaji, na moto hauiondoi. Maji hupaa yakiwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani. Chukua lita 10 zenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita, zichemshe hadi zibaki lita 8: sasa kila lita ina miligramu 3.75. Kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ulichotaka kukipunguza umekizidisha.

Jamaa zangu wa Kisumu hujibu kwamba wao hutumia shabu na maji ya ziwa hutulia yakawa meupe. Ni kweli, kwa sababu wanapambana na tope. Chembe za udongo zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana ndoo inaweza kukaa siku nzima bado imechafuka. Aluminiamu iliyomo kwenye shabu huondoa kule kusukumana, chembe zikashikana na kuzama. Shabu huweza kupunguza floraidi pia, ila kwa kipimo kikubwa zaidi, pamoja na chokaa, na kwa mtu anayepima. Kile kipande cha kukoroga ndooni hakitoshi.

“Cha asili hakidhuru, kemikali ndiyo sumu”

Floraidi yetu haikumwagwa na kiwanda. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Maji mengi ya chini ya ardhi huku yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ingeikamata floraidi na kuigeuza kuwa madini yasiyoyeyuka. Kalsiamu ikikosekana, floraidi huendelea kuogelea hadi kwenye kikombe. Hiyo ni asili tupu, na imeharibu meno ya watoto wengi kuliko kemikali yoyote niliyo nayo kabatini.

Hata ule mpaka kati ya vitu vya ogani, vile vya kaboni kama vinavyotoka kwa viumbe hai, na visivyo vya ogani si mpaka wa uhai na sumu. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea, ile iliyomo kwenye mkojo, kutokana na chumvi ya maabara, bila figo ya mnyama yeyote. Mifupa yako mwenyewe kwa sehemu kubwa ni madini.

“Makaa ni makaa”

Hapa ndipo nina ya kusema zaidi. Mama mmoja jirani yangu alisikia kwamba makaa huondoa floraidi. Akatoboa ndoo, akatandika kokoto, akajaza makaa ya jiko aliyoyaponda na kuyaosha vizuri, akaweka mfereji mdogo chini. Kazi safi kabisa. Akaniita: “Mwalimu, njoo uonje, hayana hata harufu.” Nikamwambia, “Mama, haya yamechujwa rangi na harufu tu,” na nikaona uso wake ukibadilika, kwa maana alikuwa na wajukuu wawili pale uani na ni kwa ajili yao alikuwa amehangaika.

Makaa ya miti ni kaboni. Hushika vizuri molekuli zinazoleta rangi, harufu na ladha mbaya. Floraidi huipita kaboni kama mgeni asiye na mwenyeji. Makaa ambayo jirani yangu alisikia habari zake ni ya mifupa ya ng'ombe, na kile kinachofanya kazi ndani yake si kaboni. Mfupa ukichomwa kwa hewa kidogo, nyama, mafuta na gundi huungua, kikabaki hasa kiunzi cha kalsiamu na fosfati kiitwacho haidroksiapataiti, pamoja na kaboni kidogo inayompa mfupa weusi wake. Katika kiunzi hicho atomu zimejipanga kwa safu, na kwenye safu kuna nafasi zinazokaliwa na haidroksidi, ayoni ya oksijeni na haidrojeni. Floraidi inakaribia kulingana na haidroksidi kwa ukubwa, na chaji yao ni moja. Basi maji yakipita, floraidi huingia kwenye nafasi ile na haidroksidi hutoka. Jino nalo limejengwa kwa madini hayo hayo, ndiyo maana floraidi na meno wanajuana sana, kwa mema ikiwa kidogo na kwa mabaya ikizidi.

Hii si nadharia ya vitabuni. Dayosisi Katoliki ya Nakuru iliendesha kwa miaka mingi mpango wa kuchoma mifupa na kuunda machujio ya nyumbani na ya jumuiya, na ni kazi ya kutajwa kwa heshima.

Moto wake una masharti. Mara ya kwanza nilipojaribu kuchoma mifupa mwenyewe, kwenye pipa, nilitoka nikairudia baadaye nikakuta imekuwa myeupe kama chaki. Nilifurahi, nikadhani weupe ni usafi. Kumbe moto ulizidi na hewa iliingia, vijitundu vikafumbana, na mifupa ikapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Awamu ya pili niliogopa moto, nikaitoa mapema ikiwa ya hudhurungi. Maji yaliyopita humo yalinuka supu iliyolala. Inayofaa hutoka nyeusi au ya kijivu, kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi, na ukiigonga hulia kikavu. Wapo wanaouliza ni mifupa ya mnyama gani, kwa sababu ya dini. Ni swali la haki, na anayeuza analazimika kulijibu.

“Chujio lenye uso mkubwa zaidi ndilo bora”

Wauzaji hupenda kutaja eneo la uso. Kaboni amilifu, gramu moja tu, inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 ukihesabu kuta za vijitundu vyote. Makaa ya mifupa yana takriban 100. Kwa floraidi, yenye 100 huishinda yenye 1,000. Nyumba yenye vyumba kumi vilivyofungwa haimfai msafiri kuliko yenye chumba kimoja kilicho wazi.

Kuna vifaa vipya vinavyonipa matumaini hapa, navyo pia vimezungukwa na maneno yasiyo sahihi. Ni viunzi vya metali na ogani, MOF kwa kifupi: ayoni za metali ndizo pembe, molekuli za kaboni ndizo boriti, na katikati kuna vyumba vitupu. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi hiyo. Robson alipata wazo lake mwaka 1974 akiandaa mipira ya mbao yenye matundu, ya kuwafundishia wanafunzi wa Melbourne maumbo ya molekuli. Aliona kwamba mahali tundu lilipotobolewa panaamua umbo litakalojengeka. Mimi nina mipira kama hiyo kabatini na niliisoma habari hiyo nikiwa nimesimama.

Sasa, watu husema MOF ni “sponji ya ajabu” itakayomaliza shida ya maji. Si kitu kimoja. Ni maelfu ya vitu, na kila kimoja kina tabia yake. MOF-5, aliyoitangaza Yaghi mwaka 1999, ina uso wa kutandaza uwanja wa mpira ndani ya gramu chache tu, lakini hubomoka ikikaa kwenye hewa yenye unyevu. Kuiweka kwenye maji ya kisima ni kuiua. Nyingine, zilizojengwa kwa zirkoniamu, kama UiO-66 ya Chuo Kikuu cha Oslo, hustahimili maji, na kwa kuwa zirkoniamu huivuta floraidi kwa nguvu, watafiti wameijaribu kwa kazi hiyo na ikaishika. Kati ya kushika floraidi kwenye chupa ya maabara na kukaa mwaka mzima kwenye ndoo ya Njoro kuna bei, kuna unga mwembamba unaoziba maji yasipite, kuna bikaboneti inayogombea nafasi ile ile. Kazi hiyo bado, na natamani ifanywe na vijana wa huku, wanaoyanywa maji haya.

“Nano ni teknolojia mpya, na chujio la nano huondoa kila kitu”

Nano ni kipimo cha ukubwa tu: chembe kati ya nanomita 1 na 100. Masizi ya kibatari yana chembe za ukubwa huo. Warumi wa karne ya 4 walitengeneza kikombe cha kioo chenye chembe za dhahabu na fedha, kijani mwanga ukikipiga kwa nje, chekundu ukitokea ndani. Kipo jumba la makumbusho la Uingereza, London. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza mwaka 1857 kwamba dhahabu ikisagika sana huyapa maji rangi nyekundu.

Nano ya fedha huua bakteria, hilo sikatai. Floraidi haiwezi kuiua, maana haina uhai wa kuuawa. Ukiuziwa chujio mjini lenye neno hilo kubwa kwenye boksi, uliza swali moja: limepimwa kwa floraidi, na lilitoa maji ya miligramu ngapi kwa lita baada ya lita ngapi kupita?

“Nikishafunga chujio, basi”

Vyumba hujaa. Nafasi zile zikishajaa floraidi, maji yanapita kama yalivyoingia, na ulimi hautakuambia, kwa sababu floraidi ya kiasi hiki haina rangi wala harufu wala ladha. Makaa ya mifupa yaliyochoka yanaweza kufufuliwa kwa magadi makali ya sodiamu haidroksidi, kazi ya mtu mwenye glavu na ujuzi, au hubadilishwa.

Yule mama jirani aliweka makaa ya mifupa mahali pa makaa yake ya jiko. Kwa maji ya wajukuu kunywa aliongeza mtaro chini ya mabati na tangi, kwa kuwa mvua haina floraidi ya kutia hofu. Kila baada ya miezi michache hunipa sampuli mbili, moja kabla ya ndoo na moja baada ya ndoo, katika chupa za plastiki, kwa sababu floraidi huweza kushikana na kioo na kukupa hesabu ya uongo. Juu ya kila chupa huandika tarehe kwa kalamu ya mjukuu wake. Ya mwisho ilisomeka 2.9 kabla na 0.6 baada. Alikunja karatasi ya majibu, akaiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto.