Je, Wajua Kampeni Dhidi ya Unyanyapaa wa Wagonjwa wa Akili Hupimwaje?

Mwaka 1951, Elaine na John Cumming waliingia katika mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada wakiwa na nia ya kubadili namna wakazi wake walivyowaona wagonjwa wa akili. Kwa muda wa miezi sita wakazi walionyeshwa filamu, walisikilizishwa vipindi vya redio na kualikwa katika mijadala ya vikundi, na kabla ya hayo yote walikuwa wamehojiwa kuhusu ukaribu ambao wangeuvumilia kwa mtu aliyewahi kuugua akili. Kampeni ilipokwisha walihojiwa tena, na majibu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mapokezi, kwa kuwa watu waliokuwa wakarimu mwanzoni walikuwa wameanza kuwakwepa watafiti na kuwaonyesha kwamba hawatakiwi. Wakazi walikuwa radhi kukubali kwamba tabia ya mgonjwa ina sababu na inaweza kueleweka. Walichokikataa ni fundisho kwamba hakuna mpaka unaomtenga mwenye akili timamu na mgonjwa, na kwamba wote wamo katika mstari mmoja, wametofautiana mahali tu.

Habari hii ni ya kale, lakini inaeleza vizuri kwa nini kampeni ya namna hii haiwezi kujitathmini kwa kuhesabu kazi iliyofanya. Lau wawili hao wasingeuliza maswali kabla na baada, taarifa yao ingetaja idadi ya filamu, vipindi na mikutano, na kila msomaji angedhani kwamba mji ule umeelimika. Taarifa nyingi za kampeni hata leo huandikwa hivyo: watu kadhaa waliliona tangazo, watu kadhaa walisambaza ujumbe, vipeperushi kadhaa viligawiwa. Hesabu hizo zinaeleza ukubwa wa sauti iliyopazwa, na hazigusi kabisa swali la iwapo mgonjwa sasa anapangishiwa nyumba, anaajiriwa, au anaitwa kwenye harusi ya ukoo wake.

Je, ni kitu gani hasa kinachopaswa kupimwa? Graham Thornicroft, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Chuo cha King's jijini London, aliugawa unyanyapaa katika matatizo matatu: ujinga, ambao ni upungufu wa maarifa, chuki, ambayo ni tatizo la mtazamo, na ubaguzi, ambao ni tatizo la matendo. Mgawanyo huu una faida kubwa kwa mpimaji, kwa sababu mambo hayo matatu hayaendi pamoja kama wengi wanavyodhani. Mtu anaweza kujua vizuri kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hutibika na bado akamnyima kazi aliyewahi kuugua, kama ambavyo mwingine asiyejua lolote la kitabibu anaweza kumtunza shemeji yake mgonjwa kwa upendo wa miaka mingi.

Kampeni iliyopimwa kwa kina kuliko nyingine nyingi ni Time to Change ya Uingereza, yaani wakati wa kubadilika, iliyoanza mwaka 2007 chini ya mashirika ya hisani ya Mind na Rethink Mental Illness na kufungwa mwaka 2021. Watathmini wake waliandaa vipimo kwa kila moja ya yale matatizo matatu. Kuhusu maarifa, walimtajia mhojiwa hali mbalimbali, zikiwamo sonona, skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwapo), uraibu wa dawa za kulevya na majonzi ya msiba, wakamtaka aseme ipi ni ugonjwa wa akili. Kuhusu matendo, waliuliza maswali kwa awamu mbili: kwanza, iwapo mhojiwa anaishi au amewahi kuishi, kufanya kazi, kukaa jirani au kuwa na urafiki wa karibu na mtu mwenye tatizo la akili, kisha, iwapo angekuwa tayari kufanya hivyo siku zijazo.

Awamu ya pili ndiyo yenye mtego. Mtu akiulizwa na mgeni mwenye karatasi na kalamu iwapo angekubali kufanya kazi na mgonjwa wa akili, hujibu akijua kwamba kuna jibu la kiungwana na jibu la aibu, na kampeni yenyewe ndiyo iliyomfundisha lipi ni lipi. Kwa hiyo kampeni yenye nguvu inaweza kuinua alama za hojaji kwa kuwafanya watu wawe waangalifu zaidi wa maneno yao, huku mioyo ikibaki ilivyokuwa. Nchini Uingereza, tathmini ya miaka ya kwanza ilionyesha kwamba utayari uliotamkwa na wananchi uliongezeka, ilhali maarifa na mahusiano halisi waliyoyaripoti hayakuonyesha badiliko la maana kitakwimu. Mimi sioni kwamba tokeo hilo linaifanya kampeni kuwa bure. Linatuonya tu tusichukue ahadi tukaiita tendo.

Ndiyo maana jambo la thamani zaidi walilolifanya watathmini wale, kwa maoni yangu, ni kuwageukia wagonjwa wenyewe. Tangu mwaka 2008 waliwapigia simu watu waliokuwa wakipata huduma za afya ya akili na kuwauliza, kipengele baada ya kipengele, iwapo katika mwaka uliopita walitendewa vibaya kwa sababu ya ugonjwa wao: na ndugu, na marafiki, katika kutafuta kazi, katika makazi, mikononi mwa polisi, na hata mikononi mwa waganga wao. Mwaka 2008, asilimia 91 walitaja angalau tukio moja la kubaguliwa; mwaka 2011 walikuwa asilimia 88. Kwa msomaji wa haraka hiyo ni tofauti ndogo ya kukatisha tamaa, hasa kwa kampeni ya nchi nzima. Lakini tarakimu hiyo ni ya kweli kwa namna ambayo alama za mtazamo haziwezi kuwa, kwa kuwa anayejibu hana heshima ya kulinda, anaeleza yaliyompata. Na ndani ya majibu hayo mlikuwamo jambo ambalo hojaji ya wananchi isingelifichua kamwe: malalamiko dhidi ya ndugu na marafiki yalipungua, lakini yale dhidi ya wahudumu wa afya ya akili hayakupungua kwa kiwango cha kutajika. Watu waliosomea ugonjwa huo ndio ambao kampeni haikuwafikia. Tathmini isiyomuuliza mgonjwa ingewahesabu wahudumu hao miongoni mwa walioelimika.

Kipimo hiki nacho kina udhaifu wake, kwani waliokubali kuhojiwa walikuwa sehemu ndogo ya wote walioalikwa, na mgonjwa aliyejifungia ndani kwa kuogopa watu hana tukio la kusimulia ingawa unyanyapaa ndio uliomfungia.

Swali gumu linalofuata ni la sababu. Mitazamo hubadilika yenyewe kadiri miaka inavyopita, kwa vizazi kupishana, kwa mtu mashuhuri kusimulia ugonjwa wake hadharani, au kwa uchumi kuyumba. Nchi nzima ikishapewa kampeni hiyo hiyo kwa wakati mmoja, hakuna mahali pa kulinganishia. Baadhi ya watafiti wamelitatua hilo kwa bahati au kwa mpango. Nchini Australia, kampeni ya beyondblue iliyoanza mwaka 2000 ilipata fedha za baadhi ya majimbo huku mengine yakisita kuchangia, hivyo ikawezekana kutazama uelewa wa sonona ulivyokuwa pande zote mbili. Nchini Ujerumani, jiji la Nuremberg lilipewa mradi wa miaka miwili dhidi ya sonona, 2001 na 2002, uliounganisha matangazo kwa umma na mafunzo kwa madaktari, huku jiji la Würzburg likiachwa kama kipimo cha kulinganisha. Vitendo vya kujiua na kujaribu kujiua vilipungua Nuremberg kwa asilimia 24 ukilinganisha na mwaka uliotangulia mradi.

Kupima kunafichua pia ujumbe ulio sahihi kitaalamu lakini haufanyi kazi iliyokusudiwa. Nchini Marekani watu walielezwa kwa miaka mingi kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa ubongo kama ulivyo mwingine wowote wa mwili, kwa matumaini kwamba lawama ikiondoka na woga utaondoka. Bernice Pescosolido na wenzake walipolinganisha tafiti za kitaifa za mwaka 1996 na 2006, waliona kwamba somo lilieleweka: waliotaja sababu za kibaolojia kwa sonona walipanda kutoka asilimia 54 hadi 67, na walioona matibabu yanafaa wakaongezeka. Hamu ya kukaa mbali na mgonjwa haikupungua. Kwa upande mwingine, uchambuzi uliokusanya tafiti 72 kutoka nchi 14, uliochapishwa mwaka 2012 na Patrick Corrigan na wenzake, ulionyesha kwamba kwa watu wazima kukutana na mtu aliyeugua na kumsikiliza akisimulia maisha yake kuna nguvu kuliko mafundisho, ilhali kwa vijana mafundisho yalifanya vizuri zaidi.

Tawi la kimataifa la Time to Change lilifika Nairobi na Accra, na huko pia watu walihojiwa kabla na baada ya kampeni. Hapa mpimaji wa Afrika Mashariki anakutana na tatizo ambalo halimalizwi na takwimu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, maneno "mgonjwa wa akili" mara nyingi huleta picha moja tu, ya mtu aliyevaa matambara akizungumza peke yake kando ya barabara, na ndiyo maana majina ya hospitali za Mirembe na Mathari yamegeuzwa matusi ya kawaida mitaani. Mama aliyejifungua na kupoteza hamu ya kuishi, au kijana asiyelala kwa wasiwasi, hamo katika picha hiyo. Ukimuuliza mtu iwapo angepanga nyumba moja na mgonjwa wa akili, atakujibu kuhusu yule wa barabarani. Na kampeni ikimfundisha kwamba sonona nayo ni ugonjwa wa akili, mwakani atajibu kwa upole zaidi kwa sababu anamfikiria mtu mwingine kabisa. Alama zitapanda, na yule wa barabarani atabaki pale pale alipokuwa. Hojaji ya Kiswahili inayotaka kuaminika haina budi kumweleza mhojiwa mtu kamili, kwa dalili zake na hali yake ya maisha, na kuuliza juu ya huyo huyo kila mwaka.

Kuuliza huko hakupaswi kukoma siku kampeni inapofungwa. Uingereza waliendelea, na utafiti wa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba sehemu ya yaliyopatikana kwa zaidi ya mwongo mmoja ilikuwa imeanza kurudi nyuma, miaka miwili baada ya matangazo kunyamaza.